Nusu Ukurasa kwa Watunzi Wapya

Baraza la Jumapili, na Mzee wa Mwaloni

Juma hili nimeghadhibika, na wasomaji wa tangu zamani wa baraza hili, ambao wanajua kwamba mimi nikilishika jambo siliachi, watanivumilia nikilieleza tangu chanzo chake.

Nilikuwa nimeketi katika Maktaba ya Mkoa, nikisubiri gazeti ambalo mtu mwingine alikuwa hajalimaliza, aliponijia binti mmoja wa Kikerewe, aliyekuwa ameshuka asubuhi ile kutoka meli ya Nansio, Ukerewe, akaniamkia shikamoo kwa taadhima, na baada ya kuuliza kama ni mimi niandikaye gazetini, akaniwekea mezani kauntabuku nene iliyojaa hadithi fupi. Nikasoma moja, nikasoma na ya pili, na yule bwana alipokuja kunikabidhi gazeti nilimwashiria aliweke kando. Ya kwanza ilikuwa habari ya mjane aanikaye dagaa ufukoni, ambaye deni lake dukani huongezeka kila mbalamwezi inapowaweka wavuvi nchi kavu, na ambaye, badala ya kulia kama wajane wa vitabuni waliavyo, hukaa usiku akiupigia mwezi hesabu. Hadithi ile ningeichapa siku hiyo hiyo lau ningekuwa na mtambo.

Nilipomwuliza ameipeleka wapi, akanisimulia mambo ambayo hata sasa ninapoyaandika mkono unanitetemeka. Kwanza alikwenda katika afisi ya gazeti moja, akaambiwa, kabla hajaifungua kauntabuku yake, kwamba kurasa zilizopo ni za siasa, michezo na matangazo. Kisha akasikia habari ya mtu akusanyaye hadithi za vijana ili azitoe pamoja katika diwani. Akampelekea moja, na jawabu likaja upesi kwamba hadithi imekubaliwa, ila mtunzi atume shilingi 30,000 za uhariri. Akatuma kwa simu, fedha aliyoipata kwa kuuza dagaa, akadaiwa tena 20,000 za jalada, akazituma hizo nazo. Diwani haikutoka, na simu ya bwana yule haipokelewi.

"Babu," akaniambia, "Kitereza alingoja miaka 35. Mimi nitangoja mingapi?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu aliyeliuliza alikuwa analijua vema. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe hiyo hiyo, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na kwa kuwa hakupatikana wa kuichapa kwa lugha ya watu wachache, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, hata Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki, ilhali nakala zilikuwa hazijamfikia. Leo tunamtaja kwa fahari kila tunapotaka kuonyesha kwamba kando ya ziwa hili kuna watunzi, na mimi nasema kwamba fahari hiyo hatuistahili maadamu binti wa kisiwa chake bado anazungushwa, tena safari hii kwa kutozwa fedha.

Kosa ni la magazeti. Najua wako watakaomlaumu yule mkusanyaji peke yake, na laana yake anaistahili, lakini mtu wa namna hiyo hupata soko pale tu ambapo mlango wa halali umefungwa. Zamani gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, liliwapa nafasi watunga mashairi, naye Shaaban Robert akasomwa humo miaka mingi. Na shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 hadi 1958 ndilo lililomtoa Mohamed Said Abdulla wa Unguja, kwa hadithi iliyochapwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale, nasi tukampata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Wakati huo wasomaji walikuwa wachache kuliko sasa, na karatasi haikuwa rahisi.

Nitaambiwa kwamba siku hizi ziko tuzo. Ni kweli, na ninazishukuru: iko ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, iliyompa ushindi Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu mwaka 2015, na iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023. Lakini tuzo huja mara moja kwa mwaka, na aghalabu hutaka muswada uliokamilika, wala hazimfai mtu mwenye hadithi moja ya kurasa sita, ambaye haja yake ya kwanza ni kusomwa na mtu asiyemjua. Tuzo ya Caine, ambayo tangu mwaka 2000 huangalia hadithi fupi hasa, hutaka hadithi iliyochapwa kwa Kiingereza. Na Lolwe, jarida zuri lililoanzishwa mwaka 2020, ambalo limechukua jina la ziwa letu kama Wajaluo waliitavyo, nalo ni la Kiingereza. Jirani zetu wa Kenya angalau wametia diwani za hadithi fupi katika mitihani ya sekondari, na Tumbo Lisiloshiba imesomwa na vijana wa nchi nzima. Mtunzi wa hadithi moja huko ana pa kuelekea.

Watunzi vijana, msimpe mtu fedha ili asome kazi yenu. Mhariri wa kweli hulipwa na mwajiri wake au na wanunuzi wa kitabu. Anayekutoza wewe hana haja ya msomaji, kwa kuwa faida yake ameshaipata kwako. Muulizeni kila mkusanyaji ametoa diwani gani kabla ya hii, muione kwa macho, na mwandikiane mapatano kabla hamjampa hadithi.

Na ninyi wahariri wa magazeti ya Jumapili, nawaomba nusu ukurasa kwa juma.

Mhariri wangu nimekwisha zungumza naye, akaridhia: kuanzia mwezi ujao, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, mimi sitaandika hapa, na nafasi hii itakuwa ya hadithi ya mtunzi ambaye hajawahi kuchapwa. Ya kwanza itakuwa ile ya mjane wa dagaa, na mwenyewe ameniruhusu. Mwenye nyingine, isiyozidi maneno 700, ailete katika afisi ya gazeti au aipeleke kwa posta. Hatozwi mtu ada.