Leseni ya uvuvi si ruhusa ya kubeba watu

Tangu lami ya Kidatu–Ifakara ifike kwetu, wageni wanaopita Mkula wameongezeka, na wengi hawaji tena kwa ajili ya maporomoko ya Sanje peke yake. Wakishuka mlimani wanaulizia mto Kilombero. Wanataka kuona viboko, wanataka kuona sheshe kwenye majani ya bonde, wanataka kupiga picha katikati ya maji jua likizama. Sikukuu za Idi na Pasaka, vijana wetu wenyewe wa Mang'ula, Kiberege na Ifakara hukodi mitumbwi kwa shughuli hiyohiyo. Matembezi yenyewe ni halali na yanaleta riziki. Namna yanavyoendeshwa ndiyo inayonitisha.

Mimi ni mkulima wa mpunga katika skimu ya Mkula, na ndugu zangu wengi wako ng'ambo, upande wa Lupiro. Nimevuka Kilombero kwa mtumbwi, nimevuka kwa pantoni, na sasa navuka juu ya daraja kama kila mtu. Shemeji yangu alikuwa mvushaji pale Kivukoni. Wanawe wamesoma kwa pondo. Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilipozinduliwa mwaka 2018 sote tulishangilia, naye pia alishangilia, ingawa kazi yake iliishia siku hiyo. Wenzake wakageukia samaki. Samaki nao wanapoadimika, wanapakia watalii.

Hapo ndipo sheria inapovunjwa, mara nyingi bila mvunjaji kujua. Mtumbwi wa kuvulia hukatiwa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Leseni hiyo ni ya wavu na samaki. Kubeba watu kwa malipo ni jambo jingine kabisa: chombo kinatakiwa kikaguliwe na kusajiliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, idadi ya watu kinaoweza kubeba ijulikane, na kila aliyemo awe na jaketi okozi. Nimewasikia vijana wakijitetea, "Mama, sisi hatubebi abiria, tunatembeza wageni tu." Mwanangu, aliyekulipa akapanda chomboni mwako ni abiria, awe anakwenda msibani au anakwenda kupiga picha.

Majirani zetu wa Uganda walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iitwayo MV Templar ilipinduka Ziwa Victoria, upande wa Mukono, ikiwa na watu waliokwenda kujifurahisha kwa muziki na vinywaji. Boti hiyo ilitengenezwa kwa watu wapatao 50, lakini ilikuwa imejaza karibu mara mbili ya hapo. Haikuwa na leseni. Zaidi ya watu 30 walikufa, mmiliki wake akiwa miongoni mwao, na wote hawakuwa mbali na nchi kavu. Miezi miwili tu kabla ya hapo sisi tulikuwa tumezika ndugu zetu wa MV Nyerere kule Ukara, kivuko cha watu 101 ambacho vifo vyake vilipita 220. Uganda baadaye ilitunga sheria mpya ya usafiri wa maji ya ndani, mwaka 2021. Iliwafaa walio hai.

Msomaji wa mjini anaweza kusema hayo ni ya ziwani, na huu ni mto tu. Basi akumbuke Januari 2016, pantoni letu wenyewe, MV Kilombero II, lilipozama pale Kivukoni likiwa na abiria na magari. Ikiwa chuma kile kilishindwa, mtumbwi wa gogo moja utaweza nini? Mto huu hupeleka zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji. Masika yakikolea unapita na magogo mazima, na kingo za jana huzioni leo. Mtumbwi wa gogo hauna mkuku. Unatulia pale tu watu wanapokaa chini kabisa, mmoja nyuma ya mwingine, magoti yakiwa yamekunjwa. Mgeni hajui hilo. Akisikia "kiboko yule kule," anasimama na simu yake, na wenzake watatu wanainamia upande huohuo. Mwenye pondo, hata awe fundi namna gani, hana la kufanya. Na kiboko mwenyewe, hasa mwenye ndama, hataki chombo kikae kati yake na maji ya kina. Shemeji hakukaribia viboko kwa fedha ya mtu yeyote. Vijana wa leo wanakaribia, kwa sababu mgeni akipata picha nzuri anaongeza bakshishi.

Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani, nchi yenye boti za starehe nyingi mno, huonyesha mwaka hadi mwaka kwamba katika kila watu 10 waliozama kwenye ajali za boti hizo, zaidi ya 8 hawakuwa wamevaa jaketi. Na kati ya sababu zinazojulikana kuchangia vifo, inayoongoza ni pombe. Kwetu jaketi likiwepo huwa la mgeni peke yake. Mwenye pondo anabaki na dumu tupu la lita tano lililofungwa kamba, au hana kitu kabisa. Naye akianguka majini, nani atawatoa hao wengine?

Sitaki askari waje kuchoma mitumbwi. Nataka mmiliki ndiye ashikwe. Mara nyingi yeye hukaa kivulini akihesabu fedha, huku kijana anayepiga pondo akipata sehemu ndogo. Siku ya ajali ndiye huyo kijana anayetafutwa. TASAC na Halmashauri ya Mji wa Ifakara waje Kivukoni wakae wiki moja, wasajili vyombo palepale ufukweni kwa ada ambayo mvushaji wa zamani anaimudu, waandike ubavuni idadi ya watu kwa rangi inayoonekana, na wakatae mtumbwi wa gogo kubeba wageni maji yakijaa. Chombo kisitoke baada ya jua kuzama. Mlevi asipande, hata akilipa mara mbili. Yote haya yanawezekana kabla ya masika yajayo.

Nawe unayekuja kututembelea, karibu sana bondeni. Ukifika mtoni, omba jaketi lako na la mwenye pondo. Wakikwambia hakuna, usipande.