NDEGE AU MELI, MWENYE BARAFU NDIYE MWENYE BEI!

Ndugu msomaji, kijana wa Kirumba, Igogo na Mabatini, hebu tuulizane: sangara wetu apande ndege au meli?

Wakubwa wa viwanda wameshapiga hesabu. Minofu mibichi haina subira. Hufungwa na barafu, ikapanda ndege, ikala bei nzuri Ulaya. Lakini nauli ya ndege hutozwa kwa kilo, nayo ni kali. Minofu iliyogandishwa huteremka kwa kontena la baridi hadi bandarini, ikakaa wiki kadhaa baharini. Nauli nafuu, bei nayo ndogo.

Nauli hiyo analipa nani? Mvuvi wa Ukerewe! Inakatwa kimyakimya kwenye bei anayotajiwa ufukweni.

Januari 1998, kwa hofu ya kipindupindu, Ulaya ilizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Waliogandishwa waliruhusiwa kwa masharti ya kupimwa. Mwaka 2020 korona ikasimamisha ndege za abiria, ambazo nazo hubeba minofu tumboni. Mara zote mbili, mwenye majokofu alikuwa na njia ya pili. Mvuvi asiye na hata kipande cha barafu hukubali bei yoyote kabla jua halijawaka.

Vijana, tuache kushangaa ndege angani. Yeyote anayekuja kuomba kura mwaloni, mwulizeni kwanza: mtambo wa barafu uko wapi? Bila barafu, minofu ni yao, letu panki!