Limetunguliwa, Likaangukia Wapi?

Tangu Iran iishambulie kambi ya jeshi la Marekani ya Al Udeid nchini Qatar, Juni 23, 2025, mabaraza ya Shika Adabu, hapa Mombasa, yameshakata shauri: Arabuni kuna usalama, Wamarekani wana mitambo yao ya Patriot, kombora likija linatunguliwa huko huko juu na mambo yakaisha. Wenye mabinti wanaofanya kazi Doha na Riyadh hulalia imani hiyo. Maajenti wa ajira nao wanaipenda, maana inawapunguzia maswali.

Imani hiyo ni ya kutupwa.

Tuanze na usiku huo wenyewe. Rais Trump alitangaza kwamba makombora 14 yalirushwa, 13 yakatunguliwa, na moja likaachiwa lipite kwa kuwa halikuelekea penye hatari. Baadaye picha za setilaiti zikaonyesha kuba la mitambo ya mawasiliano ndani ya kambi likiwa limeteketea, na Pentagon ikakiri kwamba kombora moja lilipiga. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Lakini Iran ilikuwa imetoa taarifa mapema, anga ya Qatar ikafungwa, na askari wengi walikuwa wameshahamishwa. Onyo liliwahi kuliko Patriot.

Hesabu za watunguaji tumezisikia zamani. Februari 15, 1991, Rais Bush alisimama kwenye kiwanda cha Patriot akajigamba kuwa makombora 41 ya Scud ya Iraq kati ya 42 yametunguliwa. Siku kumi baadaye Scud iliangukia bweni la askari huko Dhahran, Saudia, ikaua Wamarekani 28. Mtambo uliokuwa zamu ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100 bila kuzimwa, saa yake ya ndani ikapotea kwa thuluthi moja ya sekunde. Ukalitafuta kombora mahali lisipokuwepo, wala haukufyatua chochote. Programu ya kurekebisha kosa hilo ilifika kesho yake. Mwaka 1992 wakaguzi wa Bunge la Marekani wakasema ushahidi wenye nguvu wa kuharibu Scud ulipatikana kwa takriban asilimia 9 tu ya mapambano ya Patriot.

Mitambo imeboreshwa sana tangu hapo, sikatai, na bila hiyo miji mingi ingeumia zaidi. Ninalokataa ni kudhani kwamba kilichotunguliwa kimetoweka. Machi 25, 2018, Wahouthi wa Yemen walirusha makombora saba Saudia. Serikali ikatangaza yote saba yametunguliwa. Usiku huo huo Mmisri mmoja aliuawa Riyadh na vipande vilivyoanguka kwenye makazi. Saba kwa saba, na maiti juu. Na Abu Dhabi, Januari 17, 2022, waliouawa katika shambulio la Wahouthi walikuwa Wahindi wawili na Mpakistani. Wenyeji hawakuwemo. Vibarua ndio wanaofanya kazi kwenye matangi ya mafuta, na matangi ndiyo yanayolengwa.

Halafu risasi za mitambo hii si za kumwaga. Kombora moja la Patriot la kisasa hugharimu karibu dola milioni 4, na viwanda hutoa mamia tu kwa mwaka. Kamanda lazima achague cha kulinda, naye huanza na kambi, uwanja wa ndege na kiwanda cha mafuta. Chumba cha shaghala, yaani mfanyakazi wa ndani, nyuma ya jikoni hakimo kwenye orodha yake.

Na Mombasa, jamani, ndiyo ya kusahau kwamba kombora hukosa? Novemba 28, 2002, ndege ya Arkia yenye abiria 261 ilirushiwa makombora mawili ya Strela ikipaa kutoka uwanja wa Moi, ng'ambo ya maji tu kutoka kwetu. Yote mawili yakapita pembeni. Strela ni silaha kuukuu ya begani, sawa, lakini shabaha ilikuwa jitu la ndege ndiyo kwanza linajikokota kupanda. Shabaha ya Patriot ni kombora la balistiki, nalo hushuka kwa kasi inayoshinda ya sauti mara kadhaa.

Kwa hiyo ajenti akikwambia Arabuni kuna Patriot, mwulize binti atalala wapi, ghorofa ya ngapi, na king'ora kikilia nani atamfungulia mlango. Mwulize pia simu yake itakaa kwa nani. Siku hizi onyo huja kwa simu, na makafili, yaani waajiri, wangapi huichukua simu ya mfanyakazi siku ile ile anayofika?