Kioo cha Pikipiki Kisimzibe Motari Macho

Katika nchi ya Masisi na Walikale, ambako lori huweza kulala matopeni siku kadha wa kadha ilhali pikipiki ikapenya kando yake na kwenda zake, motari, yaani mwendeshaji wa pikipiki ya kukodi, ndiye mchukuzi wa chumvi, wa maharage na wa mgonjwa pia. Na ingawa vita vimezitaabisha njia za huko, hata waasi wa M23 wakaingia Masisi Centre Januari 2025 na Walikale Machi ya mwaka huo huo, sioni kuwa ni upuuzi kuzungumza habari ya kioo cha kukinga upepo, maana mtu ashindaye kutwa juu ya kiti anastahiki kutazamiwa raha yake.

Rai yangu ni kwamba kioo kirefu, kile kinachopita macho ya mpandaji kama tukionavyo katika picha za pikipiki za safari za Ulaya, hakikuundwa kwa ajili yetu. Huko mtu huenda kilomita 100 kwa saa na zaidi, na kwa kuwa ukizidisha mwendo mara mbili upepo hukusukuma mara nne, ni haki yake kutaka ngao. Lakini kutoka Sake kupanda Mushaki, au kuteremkia Walikale kwa njia ya Nyabiondo, ni nani aendaye mwendo huo? Hasimu wetu ni baridi, ukungu na tope. Ziwa Kivu liko mita 1460 hivi juu ya bahari, na vilima vya Masisi, kwenye malisho ya ng'ombe na jibini yake, vinapita mita 2000. Alfajiri ukungu hushuka, matone yakatanda kiooni, wala hakuna kipangusio. Kisha motari yuyo huyo huteremka katika misitu ya Walikale, ambako hewa ni nzito kwa joto, na kioo kile kile kikamnyima usoni upepo anaouhitaji.

Basi ukingo wa juu na ukome usawa wa mabega: kifua kisitirike, macho yapite juu yake yakaone tope lililo mbele ya gurudumu. Anayefanya kazi ya lami ya Goma na Sake aweza kuupandisha hadi ncha ya pua, asizidishe. Ukifika penye paji la uso, upepo unaokatika ukingoni hujiviringa na kuigonga kofia, kichwa kikatikisika njia nzima.

Jambo ambalo wengi hughafilika nalo ni mzigo. Abiria wawili na gunia nyuma yao humsukuma motari mpaka juu ya tangi, springi za nyuma hulala, mbele ya pikipiki huinuka, na kioo kilichopimwa pikipiki ikiwa tupu hujikuta kinamkabili machoni. Kipimwe, basi, abiria wakiwa wameketi na gunia limefungwa: ubandikwe utepe pale macho yanapopita, kikatwe chini yake kwa msumeno wa meno madogo, ukingo ulainishwe kwa tupa usije ukamchana kidevu siku pikipiki itakapozama shimoni. Na mafundi wanaofunga vioo hivi, kabla hawajatoboa tundu la skrubu, wamwambie mteja aje na mzigo wake.