Kovu Usoni si Dhambi

Kila likizo inapokaribia, walezi wa Utoto Mtakatifu na viongozi wa vijana hutuletea swali lile lile: je, inafaa kuwaonyesha watoto filamu za mazimwi pale ukumbini parokiani? Wapo walioshajijibu. Kwao filamu yoyote ya kutisha ni ya shetani, na anayeitazama anamfungulia mlango. Sisi hatuko upande huo, ingawa nasi tuna ugomvi wetu na mazimwi ya sinema.

Kanisa lenyewe halijawahi kuwa na woga wa namna hiyo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu vyombo vya mawasiliano, Inter Mirifica ya mwaka 1963, inakubali kwamba kuonyesha uovu katika sanaa kunaweza kumsaidia mwanadamu kujifahamu kwa undani zaidi, mradi sheria ya maadili iheshimiwe. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee. Mojawapo ni Nosferatu ya mwaka 1922, filamu ya Kijerumani isiyo na sauti, inayohusu mnyonya damu anayesafiri na panya na tauni. Walioandaa orodha ile hawakuwa watu wa kukimbia meno marefu.

Ugomvi wetu uko kwenye sura. Sinema kubwa za Magharibi zimezoea kuuandika uovu usoni, na mtazamaji amezoea kuusoma hapo. Katika filamu ya James Bond ya mwaka 1967, adui Blofeld ana kovu refu lililopita jichoni. Mwaka 2018 Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, ilitangaza kwamba haitatoa tena fedha kwa filamu ambazo maadui wake wametiwa makovu usoni ili waonekane waovu. Miaka mitatu baadaye ikatoka Bond nyingine, No Time to Die, na adui wake Safin ana uso ulioharibika. Tabia haifi kwa tangazo.

Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 inatugusa zaidi, maana imechota majina kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Baba mdogo wake Simba, yule muuaji, ameitwa Scar, yaani Kovu. Ilipotoka sehemu ya pili mwaka 1998, kijana aliyelelewa ili arithi chuki ya Scar akapewa jina hilo hilo kwa Kiswahili kabisa: Kovu. Ni kweli kwamba Kovu anaishia kuwa mwema, na tunawashukuru kwa hilo. Lakini mtoto wa Morogoro au wa Machakos hahitaji mkalimani kuelewa jina lile lilikusudiwa kumwambia nini tangu mwanzo.

Ni njia ya mkato. Mtengenezaji wa filamu ana saa moja na nusu, labda mbili, na anataka ujue mapema nani wa kumwogopa. Hata kibanda umiza, kabla mtafsiri hajafungua mdomo, watoto wameshamjua steringi na wameshamjua adui.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Frankenstein. Katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, kiumbe yule hazaliwi muovu. Anajifunza kusema na kusoma, anatamani mwenzi, na kila anayeuona uso wake anamkimbia au anampiga, wa kwanza akiwa ni yule yule aliyemuumba. Ndipo anapogeuka muuaji, na anajua kwamba amegeuka. Filamu ya mwaka 1931, iliyompa dunia ile sura ya Boris Karloff, ilimnyang'anya usemi, kisha ikamtia kichwani ubongo wa mhalifu ulioibwa maabara. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa falsafa ataona mara moja kilichotokea hapo. Uovu umehamishwa kutoka kwenye utashi ukawekwa kwenye nyama. Na kama uovu ni nyama, hakuna dhambi, hakuna toba. Kilichobaki ni wanakijiji kuwasha mienge na kwenda kuchoma. Tulifurahi kuona kwamba Guillermo del Toro, Mmeksiko aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki, amemrudishia kiumbe huyo sauti katika filamu yake ya mwaka 2025.

Mwezi Mei mwaka 2006 ilitoka The Da Vinci Code. Wakatoliki duniani kote walilalamika, na walikuwa na haki: filamu ile ilipotosha habari za Bwana wetu, za Maria Magdalena na za Kanisa. Lakini kulikuwa na lalamiko jingine ambalo wachache walilisikia. Muuaji katika filamu ile, mmonaki Silas, ana ualbino. Chama cha watu wenye ualbino cha Marekani, NOAH, kilipinga, kikisema kwamba sinema imewafanya watu hao kuwa waovu mara nyingi mno. Watu wengi wenye ualbino huona kwa shida. Kumfanya mmoja wao muuaji wa kuvizia gizani ni jambo la kuchekesha, kama lisingekuwa la hatari.

Na kwetu ni la hatari. Miaka hiyo hiyo ndiyo habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino zilianza kusikika kwa wingi kutoka Mwanza, Shinyanga na mikoa ya jirani. Hatusemi kwamba Hollywood ilimfundisha mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa kushika panga. Tamaa ya utajiri na maneno ya waganga vilitosha. Tunachosema ni kwamba mbegu ni ya aina moja. Walikuwepo, na bado wapo, wanaosema kwamba watu hao hawafi, hupotea tu. Kwamba ni mizimu. Huyo tayari ni zimwi la sinema: mtu ambaye macho ya wenzake yameamua kwamba si mtu. Mwaka 2024 aliuawa mtoto mwenye ualbino wilayani Muleba, mkoani Kagera, ambaye hata umri wa chekechea alikuwa hajafikia. Waliofikishwa mahakamani kwa tuhuma hizo hawakuwa na pembe. Walikuwa na sura kama zetu.

Wapo pia bibi zetu wa Usukumani. Bibi aliyepika miaka hamsini kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe atakuwa na macho mekundu, na kwa macho hayo wengi wameitwa wachawi na kuuawa. Sasa tazama mchawi katika filamu nyingi za Nollywood na za Bongo: bibi kizee, peke yake, macho mekundu. Watengenezaji wetu hawakulazimishwa na mtu kuiga njia ile ya mkato, tena wanajua fika inaishia wapi.

Kinachoshangaza ni kwamba hadithi zetu za kale zilikuwa na akili zaidi. Wengi wetu tulisimuliwa ile ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, huyu mfupi, yule ana kidonda, mpaka akaja kijana mgeni, mtanashati, asiye na doa wala alama. Akaolewa naye. Walipofika mbali porini akagundua mume ana mdomo wa pili kisogoni. Zimwi la bibi lilikuwa na uso mzuri kuliko wote kijijini! Mtoto aliyekua na hadithi hiyo alifundishwa kutazama kisogo, na kumshuku kidogo yule asiye na kasoro.

Na hapo bibi alikuwa karibu sana na Maandiko. Mtume Paulo anawaonya Wakorinto kwamba Shetani hujigeuza aonekane kama malaika wa nuru. Mtumishi yule wa Isaya tunayemsikia kila Ijumaa Kuu, kinyume chake, hana uzuri wa kututia hamu ya kumtazama, na watu wanamfichia nyuso zao. Mpe mtengenezaji wa filamu maelezo hayo ya Isaya bila kumtajia jina, atampangia nafasi ya adui.

Mtakatifu Augustino alikutana na swali hili kwa namna yake. Waandishi wa zamani walisimulia habari za watu wenye jicho moja, wenye mguu mmoja, wenye vichwa vya mbwa. Katika kitabu cha 16 cha Mji wa Mungu anasema hatulazimiki kuamini kwamba wote hao wapo. Lakini yeyote aliyezaliwa mwanadamu, kiumbe mwenye akili na wa kufa, hata umbo lake, rangi yake au sauti yake ituonekee ya ajabu kiasi gani, ametoka kwa Adamu.

Siku hizi zipo filamu zinazomhurumia zimwi. Shrek ya mwaka 2001 inatufundisha tusimhukumu mtu kwa sura, huku ikimcheka Bwana Farquaad kwa ufupi wake tangu mwanzo hadi mwisho. Maleficent ya mwaka 2014 inamsamehe mchawi, ila mchawi huyo ni Angelina Jolie na uzuri wake wote, akiongezewa pembe. Ni hatua, lakini fupi. Tena katika huruma hiyo zimwi mara nyingi huambiwa kwamba kosa lote ni la wengine, jambo ambalo padre hawezi kumwambia anayekuja kuungama.

Basi, walezi wapendwa, waonyesheni watoto filamu. Ikiisha, zimeni runinga na mwaulize: adui mlimjuaje? Wapo watakaotaja alichofanya, na wapo watakaotaja uso wake. Wape nafasi hao wa pili waeleze. Kisha wasimulieni ile hadithi ya mdomo wa kisogoni. Na katika kuchagua filamu, mkumbukeni yule anayeketi mbele kabisa, karibu na kioo kwa sababu haoni mbali, kofia yake pana ikiwa magotini. Yeye naye anaitazama.