Mitaa ya Arua na Koboko: Historia Yake ni Amana ya Raia na ya Askari

Tarehe 1 Julai 2020 mji wa Arua ulipandishwa daraja na kuwa jiji, pamoja na Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Masaka na Fort Portal. Manispaa ya zamani ilikuwa na sehemu mbili za utawala, Arua Hill na River Oli. Jiji jipya nalo lina sehemu mbili, ya Kati na ya Ayivu. Hivyo jina la mto Oli, ambalo kwa miaka mingi liliwatambulisha wakazi wa nusu ya mji, halitajwi tena miongoni mwa sehemu za utawala. Limebaki midomoni mwa wenyewe.

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Mji hukua, mipaka hubadilishwa, nyumba kuukuu hubomolewa ili ghorofa zijengwe, na hakuna mwenye akili timamu anayepinga maendeleo. Lakini mji unapokua haraka, historia ya mitaa yake huwa katika hatari ya kupotea kabla haijaandikwa. Wazee waliouona mji ukianza wanapungua kila mwaka, na vijana wanaozaliwa leo watairithi ramani mpya bila ya kujua yaliyokuwako chini yake.

Huenda askari wa jeshi au wa polisi akauliza: jambo hili lanihusu nini mimi, ambaye kazi yangu ni ulinzi? Swali hilo ni la haki, na makala haya yanakusudia kulijibu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 209, inalipa jeshi wajibu wa kukuza maelewano kati ya majeshi na raia. Kifungu cha 212 kinaitaka polisi ishirikiane na wananchi kwa jumla. Sasa, mtu hawezi kuelewana na jirani ambaye hajui alikotoka wala yaliyompata. Na katika West Nile, mengi yaliyowapata watu yalipitia mikononi mwa askari.

MAJINA YENYE HABARI

Atembeaye katika mitaa ya Arua atasikia majina ya Tanganyika, Kenya, Pangisha na Bazaar. Hayo ni majina ya kata za mji ulioko mpakani mwa Kongo, mbali na bahari kwa mamia ya kilomita, katika nchi ya Walugbara. Pangisha ni neno la Kiswahili lililo wazi: latokana na kupanga, na maana yake ni kumpa mtu nyumba kwa kodi. Bazaar ni neno la Kiajemi lililoenea pamoja na wafanya biashara wa Kihindi katika miji yote ya Afrika Mashariki. Jina la Tanganyika nalo lingali hai Arua, ingawa nchi yenye jina hilo iliungana na Zanzibar mwaka 1964 na kuitwa Tanzania.

Majina ya namna hii ni kumbukumbu za bure. Hayakujengwa kwa saruji, hayakugharimu hazina ya serikali hata senti moja, lakini yametunza habari za safari za watu. Jijini Dar es Salaam, mtaa wa Kariakoo umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Waafrika waliobeba risasi na vyakula vya jeshi walikuwa wengi mno, na waliokufa kwa maradhi na uchovu hawahesabiki kwa urahisi. Mtoto anayetumwa dukani Kariakoo hutaja jina la jeshi hilo kila siku, ajue asijue. Nairobi pia una Kariokor yake, yenye asili hiyo hiyo.

Kwa hiyo jina la mtaa linapofutwa, au linapobaki bila ya mtu wa kulieleza, tunapoteza hati ambayo haina nakala.

MJI NA ASKARI WALIZALIWA PAMOJA

Historia ya West Nile imefungamana na historia ya uaskari tangu karne ya 19. Emin Pasha alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, na askari wake walikaa katika ngome za Dufile na Wadelai, ukingoni mwa Nile. Mwaka 1889 Emin aliondoka pamoja na Stanley kuelekea pwani. Askari wengi walibaki chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua kuitumikia Kampuni ya Waingereza. Hao na wazao wao ndio tuwaitao Wanubi. Lugha yao, Kinubi, ilitokana na Kiarabu cha kambini, na mitaa yao ingali ikijulikana Bombo, Arua na Kibera.

Sehemu kubwa ya nchi tunayoiita West Nile leo ilikuwa katika Lado, eneo alilokodishwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki mwaka 1909 eneo hilo likarudi chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Mwaka huo huo wa 1914 Arua ilifanywa makao ya utawala chini ya Mkuu wa Wilaya wa kwanza, Weatherhead. Tangu hapo serikali ya kikoloni ililifanya jimbo hili kuwa ghala la nguvu za mikono. Vijana wake walikwenda kusini kukata miwa katika mashamba makubwa ya sukari, na wengine waliandikwa katika King's African Rifles. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, wakipigana vita ambavyo hawakuvianzisha.

Waliorejea walileta nyumbani Kiswahili cha kambi. Ndiyo sababu lugha hii, ambayo kwa watu wengi wa kusini mwa Uganda ilikuwa lugha ya amri na ya hofu, huko Arua na Koboko ilipata makazi sokoni, msikitini na uwanja wa mpira. Askari aliyeacha bunduki akanunua kiwanja, akaoa, akapangisha chumba. Mtaa ukaanza.

MAMBO MACHUNGU NAYO NI HISTORIA

Kuna watu wanaopenda historia ya sherehe tu: ngoma, picha za zamani na hotuba. Mtaa wa Bazaar hauwezi kuelezwa kwa namna hiyo. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na maduka yao katika miji ya Uganda yakagawiwa watu wengine, wakiwamo askari. Jina la Bazaar limebaki, na wengi wa waliolipa mtaa jina hilo walikwenda na mikoba yao tu.

Kisha ukaja mwaka 1979. Serikali ya Amin ilianguka Kampala mwezi Aprili, na mwanzoni mwa Juni majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa kaskazini magharibi. Watu wa West Nile walitarajia kisasi, kwa kuwa Amin alihesabiwa mwana wa upande huo. Lakini wazee wengi wa huko wamesimulia, na watafiti wameandika, kwamba kwa jumla askari wa Tanzania walijitahidi kuwalinda raia katika eneo hilo. Walipoondoka mwaka 1980 mambo yaligeuka. Mwezi Oktoba mwaka huo askari wa zamani wa Amin walishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka, wakaingia Koboko na Arua. Waliporudi nyuma, askari wa jeshi la serikali la wakati ule, UNLA, waliwalipizia kisasi raia. Mitaa ikaporwa na kuchomwa moto. Mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia Sudan na Zaire.

Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, walishambuliwa humo humo. Makumi yao waliuawa. Walikuwa wameingia misheni kwa sababu waliamini kwamba mahali pa ibada pangeheshimiwa.

Afisa mwenzangu aliwahi kuniambia kwamba mambo kama haya yasiandikwe katika gazeti linalosomwa na askari, kwa kuwa yatavunja moyo wao. Mimi sikubaliani naye. Askari wa Tanzania na askari wa UNLA walipita katika njia zile zile, mbele ya milango ile ile, na tofauti ya muda kati yao ni miezi tu. Wote walivaa sare na kubeba bunduki, na wengi wao walizungumza Kiswahili. Hata hivyo bibi mmoja wa Arua aweza leo kukueleza habari za hawa kwa sauti moja, na za wale kwa sauti nyingine kabisa. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kusoma ramani: kilima, mto, daraja, njia panda. Hakuna alama ya ramani inayoonyesha yale ambayo mtaa unayakumbuka juu ya waliotangulia kuvaa sare. Ni wajibu wetu kuyajua kwa njia nyingine.

KOBOKO SI JINA LA MTU MMOJA

Koboko imepata hasara ya aina nyingine. Ulimwengu unaitaja kwa sababu moja, nayo ni Idi Amin. Kwa ajili ya jina hilo watu ambao hawakuwahi kukanyaga Kampala walihesabiwa kuwa na hatia.

Koboko ina historia iliyo pana kuliko hiyo. Mipaka ya kikoloni iliwagawa Wakakwa katika nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan, ambayo upande huu sasa ni Sudan Kusini. Mahali nchi hizo zinapokutana panaitwa Salia Musala, na wenyeji hulieleza jina hilo kwa mfano wa mafiga matatu ya jiko. Mwenye hekima huelewa: chungu hakikai juu ya figa moja. Watu waliokimbia mwaka 1980 walipokewa na ndugu zao ng'ambo, wakarudi kwa wingi tangu mwaka 1986. Vita vilipozuka Sudan Kusini mwezi Desemba 2013, na tena Julai 2016, wakimbizi walikuja upande huu. Kambi ya Bidibidi, Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 na kupokea zaidi ya watu robo milioni. Mgeni hushangaa jinsi wenyeji walivyowapa ardhi. Mwenye kuijua historia ya mitaa hii hashangai, kwa maana aliyekaribisha alikuwa amekaribishwa.

KUMBUKUMBU NA HAKI

Tusidhani kwamba kuhifadhi historia ya mtaa ni mchezo wa wazee. Kibera, mjini Nairobi, ilitolewa na wakoloni kuwa makazi ya askari wa Kisudani wa KAR, na eneo lake lilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Hawakupewa hati ya kumiliki. Kwa miongo mingi wazao wa askari hao walihesabiwa kuwa wavamizi katika ardhi waliyozikia babu zao. Mwaka 2017 tu ndipo serikali ya Kenya ilipowakabidhi hati ya ekari 288. Kama wasingekuwa na kumbukumbu za makaburi yao, misikiti yao na utumishi wa babu zao, hata hizo wasingezipata.

Arua na Koboko zinapanuka. Barabara ya lami ya kutoka Vurra hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, imeleta biashara na kupandisha thamani ya viwanja. Migogoro ya ardhi itaongezeka, na polisi ndiye atakayeitwa kwanza. Polisi anayejua nani alikuwa wapi kabla ya mwaka 1980, nani alikimbia, na nani alirudi akakuta mwingine nyumbani kwake, atatuliza ugomvi kwa maneno. Asiyejua atatumia kirungu.

YATUPASAYO

Kwanza, kila kiongozi wa kikosi au wa kituo anayehamishiwa West Nile hana budi kukutana na wazee wa mitaa ili asikilize, wala si ili atoe amri tu. Penye wazee haliharibiki neno.

Pili, wako askari wastaafu katika mitaa hii, na wengine wametumikia zaidi ya jeshi moja kwa jinsi serikali zilivyobadilika. Masanduku yao yana picha, nishani na barua. Kila mwaka, katika shughuli za Tarehe Sita, vikosi vyetu husafisha masoko na kutibu wagonjwa. Kazi ya kuandika masimulizi ya wazee na kunakili picha zao yaweza kuongezwa humo bila ya gharama kubwa, na nakala zikakabidhiwa shule na halmashauri.

Tatu, majengo na makaburi ya kale yana ulinzi wa sheria. Sheria ya Makumbusho ya mwaka 2023 imechukua nafasi ya ile ya mwaka 1967. Sheria hailindi kitu ambacho hakuna aliyekiorodhesha, wala askari hawezi kukilinda asichokijua.

Nne, wananchi wanapowakumbuka wafu wao, kama wa Ombaci, askari ahudhurie kwa adabu. Asimame kando, avue kofia inapopasa, asikilize majina yakisomwa hata ikiwa waliotenda walivaa sare.

Mitaa ya Arua na Koboko itasherehekewa na watoto wake, nayo ni haki yao. Sisi tunaopita humo kwa zamu tutaingia katika historia hiyo tupende tusipende. Miaka arobaini ijayo mwanamke wa Pangisha atawasimulia wajukuu zake juu ya askari waliokaa mjini siku hizi, na atakayoyasema yanategemea mwenendo wetu wa leo.