Usimlaani Kipanga, Meza Uliiweka Wewe

Nilikata mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 5, nikaujaza mtama, nikauning'iniza kwa mparachichi wa Shosh huko Kikuyu. Ndani ya wiki moja mnana na shomoro walikuwa wamejazana hapo kama abiria wa matatu asubuhi. Video kila siku. Raha tupu.

Halafu Jumamosi moja kitu cha kijivu kikapita chini chini kutoka nyuma ya nyumba. Kabla sijashusha simu, mnana mmoja alikuwa ameenda. Yalibaki manyoya ya njano yakianguka polepole.

Nikaposti, na nyinyi wasee mkaniambia: ua huyo mwewe! Binamu yangu akatoa manati. Jirani akaniambia niweke nyama yenye sumu. Sitadanganya, kwa dakika tano hivi nilikuwa upande wenu.

Lakini hebu tuongee. Kwanza, huyo si mwewe. Mwewe ndiye yule hunyang'anya watoto chipsi shuleni. Huyu ni kipanga mdogo, hata njiwa anamzidi mwili. Hujificha mitini, huchomoka ghafla, na mara nyingi hukosa. Akikosa sana, analala njaa.

Pili, mnana naye hulisha makinda yake viwavi na panzi. Kuna mtu amewahi kulilia kiwavi kwa komenti? Tunahurumia tu yule anayependeza kwa kamera.

Tatu, sumu ni ujinga. Kipanga hula alichokamata kikiwa hai, kwa hivyo hiyo nyama italiwa na mbwa wa jirani, kunguru, au tai. Na ndege wawindaji tayari wanaisha. Utafiti uliochapishwa 2022 ulilinganisha hesabu za miaka ya 1970 na za miaka ya karibuni hapa Kenya: kati ya aina 22, 19 zilikuwa zimepungua. Sumu ni mojawapo ya sababu.

Shosh amepoteza vifaranga kwa hawa ndege miaka yote, na hajawahi kuweka sumu. Yeye hufunika vifaranga na tenga hadi wakomae, basi. Aliniangalia akasema, "Wewe ndiye umewaita wote mahali pamoja, peupe. Sasa unalia nini?"

Manze, iliniuma kwa sababu ni kweli. Kipanga alifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyepanga meza ili nipate views.

Kwa hivyo nilitoa mtungi wiki mbili. Mnana wakatawanyika, kipanga akaenda kutafuta kwingine. Sasa nimeurudisha, lakini hatua chache tu kutoka kwa ua wa kayaba, ndio ndege wakishtuka waingie kwa miiba. Naweka mtama kidogo, na siku zingine siweki kabisa.

Kipanga bado hupita. Juzi alikosa, akatua kwa mparachichi akiwa amevimba kwa hasira, na nikajikuta namhurumia pia.

Kama huwezi kuvumilia kumwona, usining'inize mtungi. Lakini manati, weka chini.